Chuma ni Kimoja, Wasee ni 40: Hivi Ndivyo Utajenga Nguvu na Jimu ya Shule

Kama umesomea bodingi Kenya hii, hiyo jimu unaijua. Ni chumba kimoja nyuma ya dining, ama kona ya stoo ya games. Ndani kuna chuma kirefu kimoja kimepinda kidogo katikati, pleti nne hazifanani, benchi imepasuka ngozi, na ile mikebe ya rangi imejazwa simiti na bomba katikati. Ukifika saa kumi na dakika kumi, wasee wa rugby washatawala kila kitu. Unangoja zamu yako mpaka kengele inalia.

Stori huwa ni ile ile kila mwaka. Wiki za kwanza unapiga tizi na nguvu inapanda tu, mpaka unaanza kukunja mikono ya shati darasani. Halafu inakwama. Kilo 40 umezizoea, lakini ukiweka 50 chuma kinakulalia kifuani. Hapo ndio wasee hugawanyika. Wengine wanaacha. Wengine wanalazimisha hizo 50 mgongo ukiwa umejikunja kama ndoano. Na kuna wale huanza kuulizia poda na sindano za mtaani.

Wengi wakikwama wanasema shida ni vyuma. Ati shule ikinunua mashine kama za jimu za Westlands, mambo yatanyooka. Zi. Mara nyingi shida si uchache wa vyuma, ni ukubwa wa hatua. Ukitoka kilo 40 kwenda 50 umeongeza robo nzima ya mzigo kwa siku moja. Hakuna mwili unakubali hiyo. Ni kama kutoka hesabu za Form 1 na kuingizwa Form 3 bila kupitia katikati.

Hebu tuangalie venye utazikata hizo hatua ziwe ndogo, ukitumia vitu ambavyo tayari viko kwa compound ya shule.

Kwa nini ulipanda haraka, halafu ukakwama

Wiki za kwanza, sehemu kubwa ya nguvu unayopata haitoki kwa misuli kukua. Inatoka kwa ubongo na neva. Mwili unajifunza kuamsha misuli mingi kwa pamoja na kuacha kutetemeka na chuma. Ndio maana msee anaeza ongeza kilo kadhaa na mkono wake bado uko saizi ile ile.

Hiyo ofa ya mwanzo ikiisha, sasa misuli yenyewe lazima ikue, na hiyo kazi ni ya pole pole. Inahitaji kitu kimoja: mzigo uzidi kidogo, mara kwa mara, kwa muda mrefu.

Hii si stori ya jana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari mmoja wa jeshi la Marekani kwa jina Thomas DeLorme alikuwa anatibu wanajeshi walioumia magoti kwa hospitali moja huko Chicago. Wakati huo wagonjwa kama hao walikuwa wanapewa mazoezi mepesi mepesi. DeLorme, ambaye mwenyewe alikuwa anainua vyuma, akaamua kuwapa mzigo mzito na kuuongeza kadiri walivyopata nguvu. Walipona vizuri, na 1945 akachapisha matokeo yake. Mpaka leo, programu karibu zote za nguvu zimejengwa juu ya wazo hilo.

Sasa skiza hii. Mwaka wa 2015, mtafiti Brad Schoenfeld na wenzake walichukua wanaume 18 waliokuwa wamezoea vyuma wakawagawa mara mbili. Kundi moja liliinua vyuma vizito, repu 8 hadi 12. Lingine likainua vyepesi, repu 25 hadi 35. Wote walikuwa wanaenda mpaka mwili unakataa. Baada ya wiki 8, misuli ilikuwa imekua karibu sawa kwa makundi yote mawili. Tofauti ilikuja kwa nguvu: wale wa vyuma vizito waliongeza zaidi mzigo wao wa juu kwa skwati.

Maana yake kwako ni gani? Misuli unaeza jenga hata na mkebe wa simiti, mradi usiache ukiwa bado una repu kumi ndani. Lakini kama unataka nguvu ya kusukuma scrum, lazima pia utafute njia ya kufanya kitu chepesi kiwe kizito. Hizi hapa njia nne.

1. Ongeza repu kwanza, kilo baadaye

Tuelewane maneno. Repu ni kuinua mara moja. Seti ni zile repu unapiga mfululizo kabla upumzike.

Wengi wakifikisha repu 10 za kilo 40 wanakimbilia 50. Kuna hesabu fupi inaitwa Epley, jina la kocha Mmarekani, ambayo inakupa picha kama uko tayari. Chukua kilo, zidisha kwa repu ulizopiga, gawanya kwa 30, halafu jumlisha na zile kilo. Jibu ni makadirio ya mzigo wa juu kabisa unaoeza kuinua mara moja.

Tuseme umepiga kilo 40 mara 12. Mara 12 ni 480, gawanya kwa 30 unapata 16. Jumlisha na 40, uko kwa kilo 56. Kwa hesabu hiyo hiyo, ukiwekewa kilo 50 utapiga repu 3 hivi na ukwame. Lakini ukingoja mpaka upige 40 mara 15, makadirio yako ni kilo 60, na hizo 50 utazipiga karibu mara 6. Hapo sasa unaeza fanya nazo kazi.

Kwa hivyo kama pleti za shule zinakulazimisha kuruka kilo 10, usiruke mpaka ufikishe repu 15 safi. Hesabu hii huanza kuyumba kidogo ukipita repu 10, lakini kama rada iko sawa. Na uzuri wake mwingine ni kwamba unajua nguvu yako bila kulazimisha ule mzigo wa kuvunja shingo mbele ya mbogi.

2. Chupa ya maji ndio pleti yako ndogo

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hii ulifunzwa darasani na ukadhani haitakusaidia.

Chukua chupa mbili za nusu lita, zijaze, uzifunge kwa kamba fupi, moja kila upande wa chuma. Umeongeza kilo moja. Chupa mbili za lita moja ni kilo mbili. Sasa badala ya kutoka 40 kwenda 50, unaenda 41, 42, 43. Hicho ndicho jimu za pesa nyingi hununua pleti ndogo ndogo za kufanya.

Masharti ni mawili. Kamba iwe fupi na imekazwa ndio chupa isibembee, na pande zote mbili ziwe sawa. Chupa ikianza kucheza, shusha chuma ufunge upya.

3. Badilisha pembe, mwili wako ni chuma tosha

Presapu ya kawaida inaweka karibu asilimia 64 ya uzito wako juu ya mikono. Kama una kilo 60, hiyo ni karibu kilo 38. Ukiinua miguu sentimita 60 juu, yaani kwa kiti ama benchi ya darasa, inapanda mpaka karibu asilimia 74. Sasa unasukuma kilo 44 bila kungoja mtu yeyote atoke kwa benchi.

Upande mwingine uko hivyo hivyo. Kama presapu bado ni noma, weka mikono juu ya hiyo benchi na miguu chini. Mzigo unashuka mpaka karibu asilimia 41. Anzia hapo, ukizoea shuka kwa kitu kifupi zaidi, mpaka ufike sakafuni.

Kwa miguu, acha kufuata skwati ya repu 60. Weka mguu mmoja nyuma juu ya benchi, ule wa mbele ufanye kazi karibu peke yake. Repu 10 za hiyo, ukiwa umekumbatia mkebe wa simiti, zitakufanya ushuke ngazi za dorm kama mzee.

Mgongo nao unataka kuvutwa. Nguzo ya juu ya goli la soka iko mita 2.44 kutoka chini, na hapo ndio pulapu za bure ziko. Lakini skiza vizuri: tumia goli ambalo miguu yake imezikwa kwa simiti pekee. Goli la kuhamishwa linaeza kukuangukia, na goli la chuma likianguka halichagui. Kama pulapu zimekataa, ruka ushike juu, halafu ujishushe pole pole kwa sekunde tano. Kushuka pia kunajenga nguvu.

4. Punguza spidi

Wasee wengi hushusha chuma kama wanakitupa. Shusha kwa sekunde tatu, tulia chini sekunde mbili bila kudunda, halafu inua kwa nguvu. Kilo 30 utazihisi kama kitu kingine kabisa. Huna haja ya kwenda sekunde kumi. Tatu zinatosha, na pia unajifunza kukaa vizuri na mzigo.

Mtungi, mchanga na mikebe ya simiti

Mtungi wa lita 20 ni mashine kamili. Ukijaa ni kilo 20, na zaidi kidogo ukihesabu plastiki. Ukitaka kilo 12 unaweka lita 12. Kila wiki unaongeza lita moja. Hakuna pleti duniani inabadilika hivyo.

Inama, mgongo ukiwa umenyooka, uvute mtungi hadi kiunoni: hiyo ni ya mgongo. Ukumbatie kifuani ushuke nao: hiyo ni skwati, na haihitaji stendi. Beba miwili, mmoja kila mkono, uende hadi mwisho wa field na urudi: hiyo ni kilo 40 zinajenga mikono, mabega, tumbo na pumzi kwa wakati mmoja. Kifuniko kiwe kimekazwa, ama utapiga tizi ukioga.

Ukitaka uzito zaidi, mchanga mkavu una karibu kilo 1.6 kwa lita. Gunia lenye lita 25 za mchanga ni kilo 40. Liweke ndani ya gunia lingine na ushone mdomo vizuri.

Mikebe ya simiti sasa. Zege lina kama kilo 2.4 kwa lita, kwa hivyo mkebe wa rangi wa lita 4 ukijaa hukaribia kilo 10. Shida ni kwamba aliyemimina hakupima. Upande mmoja unaeza kuwa kilo 9 na mwingine 11, na wewe unashangaa kwa nini bega moja linauma. Dawa iko stoo. Ile mizani ya kupimia mahindi na maharagwe, omba mwalimu wa games akusaidie mpime kila kitu siku moja, halafu muandike kilo kwa rangi juu ya kila mkebe. Upande mwepesi unaongezewa chupa ya mchanga. Mkebe wenye ufa ama bomba linalocheza, toa kabisa. Usiuinue juu ya kichwa hata kama umebaki huo tu.

Dakika 45, wasee 40

Hapa ndio ngori huanza, juu kila mtu anataka chuma. Suluhisho ni kugawana, si kupigana.

Gawa watu 40 mara mbili. Ishirini wanapiga Jumatatu na Alhamisi, ishirini Jumanne na Ijumaa. Mara mbili kwa wiki inatosha kupanda ukifanya vizuri. Hao 20 wagawe kwa vituo vitano, wasee wanne kila kituo:

- Chuma kirefu: skwati siku ya kwanza, benchi siku ya pili.
- Presapu, miguu juu.
- Pulapu kwa goli.
- Kuvuta mtungi hadi kiunoni.
- Kubeba mitungi miwili siku ya kwanza, skwati ya mguu mmoja siku ya pili.

Seti moja ni kama sekunde 35. Mmoja akipiga, watatu wanapumzika na kumwangalia. Watu wanne mara seti tatu ni dakika 7 kwa kituo. Vituo vitano ni dakika 35. Unabaki na dakika 10 za kuwasha mwili na kubadilishana vituo. Na angalia: ukingoja wenzako watatu umepumzika karibu dakika mbili kabla ya seti yako, ambayo ndio mwili unahitaji kurudisha nguvu. Ule foleni uliokuwa unakukasirisha umekuwa sehemu ya programu.

Hii si ya maboy pekee. Madem wakiinua vyuma hawageuki kuwa na mabega ya bouncer, juu homoni ya testosterone kwao iko chini sana. Wanachopata ni mruko, spidi na magoti imara. Mchezaji wa voliboli anayetamani kuvaa jezi ya Malkia Strikers siku moja anahitaji skwati kama vile msee wa rugby anavyoihitaji.

Kitabu cha mazoezi

Kifaa cha maana zaidi kwa hiyo jimu si chuma. Ni daftari. Andika tarehe, zoezi, kilo, repu. Mstari mmoja kwa kila seti, basi.

Bila daftari kila siku unaanza upya, unainua venye unajiskia. Ukiwa nalo unajua Jumatatu iliyopita ulipiga kilo 42 mara 9, kwa hivyo leo kazi yako ni repu 10. Repu moja tu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima ujue kibaba kimefika wapi.

Ukikaa wiki mbili au tatu bila kuongeza hata repu moja, usipanik. Wiki moja punguza mzigo kama kwa asilimia 10 hivi, lala vizuri, halafu uanze kupanda tena.

Usiumie bure

Benchi peke yako, usijaribu. Simamisha msee mmoja nyuma ya kichwa chako, na mkubaliane mapema atashika lini. Mgongo ukianza kujikunja seti imeisha, hata kama ulisema ni repu 10. Na acha repu moja ama mbili ndani kwa skwati na benchi. Kwenda mpaka mwisho kabisa fanya kwa presapu na mtungi, penye ukishindwa hakuna kitu cha kukulalia.

Maumivu ya misuli kesho yake ni kawaida. Maumivu makali kwa kiungo, mgongo ama bega si kawaida. Hiyo unaacha na unaenda kuona nesi.

Na ile stori ati vyuma humfanya kijana awe mfupi? Madaktari wa watoto wa Marekani wameliangalia hilo, na msimamo wao ni kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayazuii ukuaji. Kinachoumiza vijana ni mbinu mbovu na kushindana kuinua mizigo hawajaifikia.

Githeri, usingizi na hiyo poda

Watafiti waliokusanya tafiti nyingi kuhusu protini waliona kwamba kwa wengi faida ya misuli hufika mwisho karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Msee wa kilo 60 ni gramu 96. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina karibu gramu 15. Yai ni 6. Nusu lita ya maziwa ni karibu 16. Ngumi ya njugu ni 7. Hata mahindi na ugali huongeza kitu. Kwa hivyo ile githeri unaisumbua, ukiambiwa uchague, chagua sahani yenye madondo mengi. Pesa ya kantini ikipatikana, njugu na maziwa kabla ya soda.

Usingizi nao, vijana wa umri wa sekondari wanahitaji saa 8 hadi 10. Bodingi hiyo ni ndoto, lakini kupiga stori dorm mpaka saa sita usiku hakukusaidii. Misuli hujirekebisha ukilala.

Poda ya protini ni chakula kilichokaushwa tu. Si uchawi, na kama unakula madondo hauna haraka nayo. Lakini sindano na tembe za kujaza mwili, hizo ni hadithi nyingine. Steroidi kwa kijana anayekua zinaeza kufunga mifupa kabla ya wakati, kuharibu ini na moyo, na kuvuruga homoni zake mwenyewe. Mtu anayekuuzia hiyo kitu nyuma ya dorm hatakuwepo hospitali.

Anza Jumatatu

Julius Yego alijifunza kurusha mkuki akiangalia video za YouTube, bila kocha, na 2015 akawa bingwa wa dunia Beijing kwa mita 92.72. Hakungoja kila kitu kiwe sawa ndio aanze.

Wewe pia hauhitaji mengi. Wiki hii pima mikebe yote na uandike kilo. Tafuta chupa mbili, mtungi mmoja, daftari moja na wasee watatu ambao hawatakuangusha. Jumatatu andika nambari zako za kwanza, hata kama ni za aibu. Term ikiisha fungua ule ukurasa wa kwanza uangalie.